Nimesevu linki kibao ila kipindi cha kesho bado sina: nianzie wapi?

Swali la msomaji: "Habari mwalimu. Nafundisha Kiingereza watu wazima kwa mtandao, kwa kujitolea. Nina wanafunzi saba, lugha zao za kwanza tofauti tofauti. Wawili ndo wanaanza kabisa na hata kusoma ni kwa shida, wanne wanaongea kiasi ila mtu akiongea haraka wanapotea, mmoja anajiandaa na IELTS, ule mtihani wa kimataifa wa Kiingereza. Nimesevu saiti nyingi mpaka sijui niingie ipi, kipindi cha saa moja nakiandaa masaa matatu. Naomba unitajie zinazofaa kweli, za bure, na uniambie nazitumiaje. Na hizi AI (akili bandia) nazo, niziamini?"

Habari mwalimu, asante kwa swali na asante zaidi kwa kunieleza wanafunzi wako kabla ya kuomba linki, mana wengi wananiulizaga "saiti nzuri ni ipi" bila kusema anafundishwa nani, na swali la hivyo halina jibu.

Nianze na hayo masaa matatu sababu ndo yananitia wasiwasi kuliko kitu kingine chochote ulichoandika. Unafundisha bure, na ukiendelea kutumia masaa matatu kuandaa saa moja utachoka, utaacha, na wale saba watabaki hawana mtu. Na sio kwamba hujui kutafuta. Nikisoma ulivyoandika naona unatafuta somo lililokamilika, lenye kila kitu ndani, linalowafaa wote saba, na somo hilo halipo popote. Kilichojaa mtandaoni, tena kizuri sana, ni malighafi: matini, sauti, orodha za maneno, picha. Somo unalijenga wewe, na ukishakuwa na utaratibu mmoja unaoujua kichwani unaorudia kila wiki, ukibadilisha tu matini na sauti, nusu saa inatosha kabisa. Kwa hiyo nitakutajia saiti chache, kila moja na kazi yake, na hizo nyingine ulizosevu ziache zilale. Ukizihitaji utazipata tu.

Kabla ya saiti yoyote jua levo ya kila mtu. Baraza la Ulaya lilitoa mfumo wa CEFR wa kupima uwezo wa lugha mwaka 2001, ndo huo wa A1, A2, B1, B2, C1 na C2, kuanzia A1 ya wanaoanza mpaka C2 ya juu kabisa, na karibu kila saiti utakayoingia inapanga vitu vyake kwa herufi hizo, usipoujua utakuwa unachagua gizani. Mwaka 2020 wakatoa toleo la nyongeza ambalo lina hatua iliyo chini ya A1, na hiyo inawahusu wale wawili wako. Faili zima liko bure kwenye saiti ya Baraza hilo ila ni refu mno, usijitese kulisoma lote, tafuta jedwali la kujipima. Ni la ukurasa mmoja na limetafsiriwa kwenye lugha nyingi. Mpe mwanafunzi kwa lugha anayoisoma, aweke alama kwenye sentensi anazoona zinamhusu, halafu ongea naye dakika tano tu umrekodi akikubali. Kuna na majaribio ya bure, Cambridge wana la maswali 25 na saiti ya LearnEnglish ya British Council (shirika la Uingereza la lugha na utamaduni) nayo ina lake, yatumie ila usiyape uzito wote mana yanapima zaidi sarufi na kusoma, mtu anaweza kutoka na B1 pale na bado akashindwa kuuliza basi linaondoka saa ngapi. Zile dakika tano za kuongea ndo ziamini zaidi.

Sasa wale wanne wanaopotea wakisikiliza. Hawa ndo kazi yao ina vifaa vingi kuliko wote, na hapa nitakaa kidogo.

BBC Learning English wanafundisha Kiingereza kwa redio tangu 1943 na sasa kila kitu kiko mtandaoni bure, sauti na maandishi yake. Ndani yake kuna kipindi cha 6 Minute English, na kwa mtu wa B1 kwenda B2 sijaona kinachokizidi kwa urahisi wa kufundishia. Ukikisikiliza utakuta watangazaji wawili wanapiga stori kuhusu mada fulani, mwanzoni mmoja anamuuliza mwenzake swali lenye majibu matatu ya kuchagua, katikati wanaweka sauti za watu waliohojiwa, mwishoni wanarudia maneno mapya na kutoa jibu la lile swali. Walimu wengi wanakicheza chote kwa mkupuo halafu wanauliza "mmeelewa?", na wanafunzi wanasema ndiyo, mana swali hilo jibu lake ni ndiyo siku zote.

Fanya hivi. Cheza mpaka lile swali liulizwe, simamisha. Kila mmoja achague jibu na aseme kwa nini kalichagua, kwa Kiingereza chake hicho hicho alichonacho, usimkatishe hata akikosea sarufi. Hapo dakika ya tatu haijafika na wote wanne wameshaongea, na sasa wana sababu ya kusikiliza, wanataka kujua nani kapatia. Cheza mpaka mwisho bila maandishi. Waulize wamesikia nini, lolote, hata neno moja, uyaandike kwenye skrini ili kila mtu aone wakiunganisha vipande wana mengi kuliko walivyodhani. Cheza tena. Halafu chagua sekunde 20 tu, zile ambazo uliona sura zao zimepotea, wazisikilize mara nne au tano wakiandika neno kwa neno kwenye daftari, na mwisho kabisa ndo ufungue maandishi walinganishe. Hapo ndo utaona ugonjwa uko wapi, na nakuhakikishia mara nyingi hauko kwenye msamiati. Neno wanalijua vizuri sana likiandikwa, ila kwenye mazungumzo limemezwa: "want to" imekuwa "wanna", "did you" inasikika kama "didja", ile "h" ya "him" haipo kabisa, "next day" imepoteza "t" yake. Mtu aliyejifunza Kiingereza kwa kusoma anasubiri neno zima lifike na neno zima haliji. Hilo linatibika kwa masikio, kwa sekunde 20 za namna hiyo kila wiki, na mwanafunzi akishajua kwamba shida ni kusikia na sio ujinga anatulia na anaanza kusikia kweli.

Kama kuna mmoja kati yao bado yuko A2 na kipindi hicho ni kizito, mpeleke VOA Learning English, ya redio ya Sauti ya Amerika. Wamarekani walianza matangazo yao ya Kiingereza cha polepole mwaka 1959, msamiati wa msingi kama maneno 1500, sentensi fupi, na msomaji anasoma taratibu bila kuharibu matamshi. Kuna na kozi ya video inaitwa Let's Learn English, ya wanaoanza, masomo 52, unamfuata dada mmoja anaitwa Anna anahamia Washington na kuanza kazi. Uzuri mkubwa wa VOA kwa mwalimu ni kwamba vitu walivyotengeneza wenyewe havina hakimiliki, unaruhusiwa kuchapisha, kukata, kubadilisha, ila angalia chini ya habari, ikiwa imetoka kwa mashirika ya habari kama AP au Reuters hiyo ina wenyewe. Lakini jua kwamba Machi 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya kazi za VOA. Kwa hiyo masomo unayoyapenda yapakue uyaweke kwako. Na hii ni kanuni kwa saiti zote, hata kampuni kubwa zinafunga vitu, Google waliifunga Jamboard, ubao wao wa kuandikia mtandaoni, mwisho wa 2024 na walimu waliokuwa wameweka mbao zao zote mule wakalazimika kuhama. Chochote unachokitegemea kiwe na kopi kwenye faili lako, maandishi na sauti, kwa jina unaloweza kulitafuta.

Halafu kuna ELLLO. Hii haina muonekano wa kupendeza ila ndani ni hazina, mazungumzo mafupi ya watu kutoka nchi nyingi sana, kila mmoja na lafudhi yake, na maandishi na maswali yake pembeni. Nakusisitizia hii sababu wanafunzi wako huko nje hawatakutana na watangazaji wa London peke yake, watakutana na daktari aliyezaliwa India, bosi kutoka Brazil, jirani kutoka Poland, wote wanaongea Kiingereza na wote tofauti. Mwanafunzi aliyezoea lafudhi moja tu anashtuka.

Jambo la pili ambalo litakuokolea muda ni kupima matini kabla ya kuifundisha. Hapa walimu wanaojitolea wanaumia bila kujua. Unakuta habari nzuri, inavutia, unawapelekea, inageuka kipindi cha kueleza maneno saa nzima. Kuna utafiti wa Hu na Nation wa mwaka 2000 uliokuja na kiwango ambacho mpaka leo kinatumika, kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ili aisome matini vizuri mwenyewe bila msaada. Ukiitafsiri kwa matini ya maneno 200 ni kwamba maneno mapya yasizidi manne. Yakifika 20 hapo anajua asilimia 90, ambayo kwa kusikia inaonekana nyingi lakini mwanafunzi anajikwaa karibu kila mstari.

Utapimaje? Ingia saiti ya kamusi za Oxford Learner's Dictionaries, utafute Text Checker. Unakopi matini yako unapesti pale, inakuchorea maneno kwa levo zake, unaona yepi ni A1, yepi B2, yepi yako nje ya orodha yao kabisa. Ni kazi ya dakika mbili. Ukitaka kuchimba zaidi kuna Lextutor ya profesa Tom Cobb, muonekano wake ni wa zamani ila kipima msamiati chake kinakupangia maneno kwa makundi ya elfu moja moja kulingana na yanavyotumika, elfu ya kwanza, ya pili, na kuendelea. Ukishaona rangi unaamua: maneno matatu ya muhimu nayafundisha kabla, mawili nayabadilisha na rahisi, sentensi hii moja naikata. Hapo matini ni yako na somo limeshajengeka. Na kama hutaki kuhangaika kurahisisha mwenyewe, Breaking News English ya Sean Banville ina habari moja iliyoandikwa kwa levo kadhaa, na mazoezi kibao chini yake. Onyo langu dogo ni hilo kibao. Mazoezi ni mengi mno, ukiyafanya yote habari inakufa mikononi, chagua mawili, tena moja liwe la maswali ya kujadiliana.

Kwenye msamiati wenyewe usihangaike na orodha za "maneno 100 ya kukufanya uongee kama mzungu". Kuna orodha ya maneno yanayotumika zaidi inayoitwa NGSL, ya mwaka 2013, maneno kama 2800 tu, na yanafunika takriban asilimia 92 ya matini za kawaida za Kiingereza. Iko bure. Mwanafunzi mwenye mapengo mle ndani hana sababu ya kujifunza maneno ya kujidai. Ya kukumbushia tumia Anki, programu ya kadi za maneno, ambayo ni bure kwenye kompyuta na Android (kwenye iPhone inalipiwa), inamletea mwanafunzi neno pale anapokaribia kulisahau. Ila sheria yangu moja: kadi aziandike mwanafunzi mwenyewe, na neno likae ndani ya sentensi aliyoisoma au kuisikia kwenye kipindi. Kadi za kupakua za mtu mwingine wanazifungua wiki moja wanaziacha.

Matamshi: YouGlish. Unaandika neno au kifungu, inakuletea video za watu wa kweli wakilitamka, moja baada ya nyingine, na unaweza kuchagua Kiingereza cha Marekani, Uingereza, Australia na kwingine. Mwanafunzi akiuliza neno linatamkwaje usimtamkie wewe tu, mfungulie asikie watu sita wakilisema, waume kwa wake, wa haraka na wa polepole. British Council nao wana chati ya sauti za Kiingereza ya kubonyeza, sauti 44, ambapo irabu ziko 20, na hapo utaelewa kwa nini mtu ambaye lugha yake ina irabu tano kama sisi anaona "ship" na "sheep" ni kitu kimoja. Usiwafundishe alama zote. Chagua sauti zinazowaletea matatizo ya kueleweka, basi.

Gemu na kwizi, Kahoot, Wordwall, Quizlet na ndugu zake, zina nafasi yake, dakika tano za kuchangamsha au kurudia ya wiki iliyopita. Ila zinakula muda wa kuandaa sana na zile za bure zina mipaka inayobadilika kila mara. Mwanafunzi mtu mzima aliyetoka kazini amekuja kuongea, kubonyeza rangi anaweza kufanya mwenyewe nyumbani.

Na wewe mwenyewe mwalimu usijisahau. TeachingEnglish ya British Council ina mipango ya masomo ya watu wazima iliyopangwa kwa levo pamoja na mafunzo ya walimu, na jarida la English Teaching Forum la wizara ya mambo ya nje ya Marekani limekuwepo tangu 1962, lina makala za walimu wa darasani kutoka nchi mbalimbali na matoleo mengi ni PDF za bure. Soma makala moja kwa mwezi. Na kama kuna mtu mmoja wa kumsoma kwa ajili ya kupanga kozi basi ni Paul Nation wa chuo kikuu cha Victoria kule Wellington, New Zealand, anayesema kozi igawanywe sehemu nne zinazolingana: kusikiliza na kusoma kwa ajili ya kuelewa, kuongea na kuandika ili ueleweke, kujifunza lugha yenyewe, na kuzoesha kasi kwa vitu ambavyo tayari unavijua. Chukua vipindi vyako vya mwezi uliopita uvipime kwa hizo nne. Nadhani utakuta ya tatu imekula kila kitu na ya nne haipo kabisa. Ile ya nne ni rahisi mno: mpe mwanafunzi stori ile ile aisimulie kwa dakika nne, halafu kwa mwenzake mwingine dakika tatu, halafu mbili. Haihitaji saiti yoyote, na ndo inayowafanya waongee bila kusimama simama.

Wa IELTS nimjibu kwa ufupi mana njia yake iko wazi. Atumie sampuli za bure za wenye mtihani wenyewe, yaani British Council, IDP na Cambridge, aachane na maswali ya kuokoteza yanayozunguka kwenye magrupu, mengine hayafanani na mtihani kabisa. Kuandika atumie Write & Improve ya Cambridge, anaandika, inampa levo ya CEFR na kumuonyesha sehemu zenye shida, anarekebisha anatuma tena, hivyo hivyo, bila kukusubiri wewe. Wewe jiwekee kazi ambayo mashine haiwezi, yaani kumwambia kama hoja yake inaeleweka na kama kajibu swali lililoulizwa. Na mfanyie mazoezi ya kuongea kwa saa mkononi, sehemu hiyo ni dakika 11 hadi 14 tu, azizoee.

AI sasa. Nazitumia na nakushauri uzitumie, kwa kazi maalum. Mwambie ikuandikie mazungumzo mafupi kati ya mpangaji na mwenye nyumba, levo A2, yakitumia maneno haya manane, itakupa kwa sekunde chache kitu ambacho kingekuchukua nusu saa. Lakini neno lake la "hii ni A2" usilikubali hivi hivi, pesti kwenye Text Checker, mara nyingi utakuta maneno ya B2 yamejipenyeza. Na mazoezi ya kujaza nafasi yasome moja moja kabla ya kuyagawa. Itakuandikia "She ___ to work every day" ikupe machaguo "goes", "walks" na "go", iseme jibu ni "goes". Mwanafunzi mwerevu atachagua "walks", yuko sahihi kabisa, halafu karatasi inamwambia kakosea, na anakuamini wewe kwa hiyo anaamini kakosea. Mwanafunzi anayejijenga hatakiwi kuvunjwa namna hiyo. Jingine, usipesti majina ya wanafunzi, barua zao za hospitali au makaratasi ya uhamiaji humo, hata kama anataka umsaidie kuelewa. Futa kwanza kila kinachomtambulisha.

Nimewaacha wale wawili mwisho sababu wao karibu kila nilichosema hapo juu hakiwafai. Kwanza usiwaweke na wenzao saa nzima, wapangie dakika 25 zao peke yao, mana wakikaa kimya kipindi kizima wakiwasikiliza wenzao wanaongea wataona aibu wataacha. Pili tafadhali usiwape vitu vya watoto, wimbo wa alfabeti na vikatuni. Ni watu wazima wenye familia na kazi na akili timamu, wamekosa tu shule. Watafute USA Learns, ni kozi ya bure ya watu wazima, ina video na hali za kawaida za maisha, na shirika la Literacy Minnesota wana hadithi fupi fupi za wanaoanza zinazohusu kazi, nyumba, daktari, unaprinti au unaonyesha kwenye skrini. Kuna na mtandao wa watafiti na walimu unaitwa LESLLA, uliundwa 2005 mahsusi kwa ajili ya watu wazima wanaojifunza lugha ya pili huku wakiwa hawakusoma sana kwa lugha yao, makala zao za mikutano ziko wazi na zitakupa picha ya kwa nini hawa wanahitaji njia yao.

Ila kifaa bora kwao kiko kwenye simu zao tayari. Mwambie mmoja akutumie picha aliyoipiga mwenyewe. Iweke kwenye skrini, muulize ni nani huyu, anafanya nini. Atakwambia "This my sister. She work hospital." Wewe andika mbele yake, kwa herufi kubwa zinazosomeka, kwa maneno yake, ukirekebisha kidogo tu: This is my sister. She works in a hospital. Mistari minne inatosha. Isome wewe ukionyesha kila neno, msome pamoja, asome yeye. Halafu ingia ndani, chukua "sister", sikiliza sauti ya mwanzo, iandike hiyo "s", tafuta maneno mengine mawili anayoyajua kwa mdomo yanayoanza hivyo. Halafu rudi kwenye hadithi nzima asome tena. Mwisho isome kwenye ujumbe wa sauti umtumie, asikilize huku akiangalia maandishi nyumbani. Anasoma maneno ambayo maana yake tayari anaijua mana ni yake, na hapo macho yanabaki na kazi moja tu ya kutambua herufi. Baada ya miezi kadhaa mnakuwa na hadithi kama ishirini za kwao wenyewe, na hicho ndo kitabu chao.

Ila kabla hujaanza nao niulizie kitu kimoja kwa kila mmoja wao: kwa lugha yake ya kwanza anasoma au hasomi, na kama anasoma, kwa maandishi gani. Mtu anayesoma Kiarabu au Kiamhara vizuri ila herufi hizi ni ngeni kwake, huyo anajua tayari kusoma ni nini, anahitaji umbo la herufi na sauti zake, na wa Kiarabu azoee pia kuanzia kushoto kwenda kulia, anaweza kusonga haraka kuliko unavyodhani. Ambaye hakuwahi kusoma popote anaanzia mbali zaidi, kushika kalamu, kuelewa kwamba alama moja ni sauti moja, na kwake kasi ni nyingine kabisa. Ukinijibu hilo nitakuandikia mpango wa wiki zake za kwanza, kila mmoja na wake.